Kabla Nyundo Haijainuliwa: Habari za Kutengeneza Nyumba Kongwe

Mazungumzo yetu ya leo yamhusu mtu atakaye kuitengeneza upya nyumba yake, hasa mwenye nyumba ya mawe, kama zile za miji ya Lamu na Unguja.

Wengi huanza kwa kumwita fundi, na fundi huanza kwa kubomoa. Maswali huja baadaye: mlango ukae wapi? Maji yapite wapi? Wakati huo kila jibu lina gharama mara mbili, kwa kuwa kilichojengwa leo hubomolewa kesho.

Kwanza, ijueni nyumba yenyewe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari huchukuliwa na boriti za mikoko. Boriti ina kimo chake. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, na upana wake aghalabu haufiki mita 3. Tazameni ncha za boriti zimelala juu ya ukuta upi. Ukuta huo ndio ubebao dari. Ukiondolewa ili chumba kipanuke, dari itashuka.

Haya si maneno ya kutishana. Beit el-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883, zama za Sultani Barghash. Tarehe 25 Desemba 2020, ilipokuwa ikitengenezwa, sehemu yake ilianguka, na watu wawili wakafa. Nyumba kongwe iliyo katika matengenezo yataka hadhari kubwa.

Pili, tafuteni unyevu watoka wapi: paa livujalo, mfereji ulioziba, au choo kilichopakana na ukuta. Chanzo kizibwe kabla ya kupiga lipu. Wala msikimbilie saruji. Chokaa hupitisha unyevu, ukuta ukakauka; saruji huufungia ndani, na mwishowe lipu hubanduka.

Tatu, chukueni chaki, mchore sakafuni vyumba na milango mnayoitaka. Wekeni kitanda mahali pake, kisha mpite. Mwulizeni apikaye moshi utokee wapi, na mzee wa nyumba kama ataweza kupanda ngazi hiyo. Kufuta mstari wa chaki hakuna gharama. Kuhamisha mlango kuna gharama.

Nne, hesabuni mawe, chokaa, boriti na ujira wa mafundi, na juu yake mweke akiba, maana ukuta wa kale huficha mengi. Tena paa lisifunguliwe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kweli, lakini azibaye ufa bila kuuliza umetokana na nini, atauziba tena mwaka ujao. Basi mkishakata shauri, liandikeni karatasini, mwenye nyumba na fundi wakubaliane, ndipo kazi ianze.