Kikohozi Kimenyamaza: Tuache Dawa?



Habari hii munaijua, maana inatokea katika kila mtaa wa wachimbaji. Baba mmoja anakohoa tangu majuma matatu. Anasema: "Ni vumbi ya kazi tu." Usiku anatoka jasho, suruali inaanza kumpwaya. Bibi yake anamsukuma mpaka ku kituo cha afya. Wanapima makohozi: ni kifua kikuu, ile tunaita TB. Anaanza dawa. Kiisha miezi miwili anakula bukari vizuri, nguvu inarudi. Sasa anasema: "Minapona. Dawa ya nini tena?"

Hapo ndipo hatari inaanzia.

Kwa nini miezi 6?

TB ya kawaida inatunzwa kwa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa anameza dawa nne pamoja. Zinaua vijidudu vingi, na kikohozi kinapungua. Lakini vingine vinabaki vimelala ndani ya mwili. Miezi 4 inayofuata, dawa mbili zinavimaliza hivyo. Anayeacha katikati ni kama mtu aliyekata majani akaacha mizizi. Ugonjwa unaweza kurudi, tena na vijidudu vilivyozoea dawa. Kuvitunza hivyo ni kazi ngumu zaidi.

Na vumbi je?

Ni kweli, vumbi ya mawe inaumiza mapafu. Mapafu yaliyoumia hivyo yanafungulia TB mlango. Kwa hiyo mchimbaji wa Kolwezi, Likasi au Kipushi asiseme "ni vumbi tu". Ukikohoa majuma 2 au zaidi, nenda wapime makohozi. Na ku kazi, kulowesha jiwe kwa maji mbele ya kulitoboa kunapunguza vumbi. Kitambaa puani hakitoshi.

Wewe unayemtunza mgonjwa

Mama, wewe ni muuguzi wa kwanza pa nyumba. Shika haya:

Dawa imezwe kila siku, saa ileile, na mtu akiona kwa macho. Weka alama kwenye kalenda.

Mkojo ukiwa mwekundu, musiogope. Ni rangi ya dawa moja inayoitwa rifampicine. Lakini macho yakiwa ya manjano, mgonjwa akitapika bila kuacha, ao akianza kuona vibaya, rudini ku kituo siku ileile. Miguu ikiwaka ao kufa ganzi, mwambieni muuguzi. Kuna vitamini ya kusaidia.

Lutuku na pombe zingine, hapana. Ini linafanya kazi kubwa na dawa hizi, tusiliongezee mzigo.

Fungueni madirisha. Mgonjwa afunike kinywa akikohoa. TB inapita katika hewa, haipiti katika sahani wala kwa kusalimiana na mkono. Basi musimtenge baba na kikombe chake, kama vile amefanya kosa.

Watoto wote wa nyumba wapimwe. Wale wa chini ya miaka 5 wanaweza kupewa dawa ya kuwakinga, hata kama hawakohoi. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha.

Na bei?

Katika nchi yetu dawa za TB hutolewa bure. Lakini njia ya kufika ku kituo inaomba pesa, na siku bila kuchimba ni siku bila mufuko wa unga. Hapa ndipo majirani na ndugu wa kanisa wanaonekana. Kijana mmoja anaweza kumsindikiza mgonjwa. Jirani anaweza kuleta maharagi na ndagala.

Baba, kikohozi kimenyamaza, tunafurahi pamoja nawe. Lakini atakayesema kama umepona ni kipimo cha makohozi, si wewe wala jirani. Hesabu vizuri: umemeza miezi mingapi? Kama haijatimia 6, kesho asubuhi dawa inakungojea.

Na kama umekwisha kuiacha, usione haya. Rudi leo. Muuguzi atafurahi kukuona kuliko kukukosa.