Julai Kasapa: joto la mchana huenda wapi?

Mtu aliyekulia Kinshasa akija kusoma Lubumbashi hufika na mashati mepesi, na ikifika Juni anaulizia bei ya blanketi la pili. Wenyeji humcheka kidogo, kisha humwonyesha soko la mitumba. Juni na Julai kipimajoto hapa hushuka alfajiri hadi nyuzi 6, 7 au 8 za Selsiasi, na mchana wa siku hiyohiyo hupanda hadi 25 au 26. Mwanafunzi wa Kasapa, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilichofungua milango yake mwaka 1956, hutoka bwenini na koti, hula mchana akiwa na fulana, na jioni hulitafuta tena koti lile. Nchi za baridi huyagawa mabadiliko kama hayo kwa miezi. Hapa yanapita kati ya chai ya asubuhi na bukari, yaani ugali, ya mchana.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni mwinuko. Jiji liko mita 1,200 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoteza wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda, kwa hiyo nyuzi 8 hivi zimeshakatwa kabla hujaanza hesabu nyingine. Ndiyo maana Mtwara, ambayo haiko mbali sana na latitudo ya Lubumbashi lakini imekaa pwani, haiijui baridi ya namna hii. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Bukavu iko juu zaidi, kwenye mita 1,500 hivi, na bado alfajiri ya Julai huko mara nyingi haishuki chini ya nyuzi 10. Kama ni mwinuko peke yake, wanafunzi wa Bukavu ndio wangekuwa wanatetemeka kuliko wenzao wa Katanga, eneo la Lubumbashi.

Tofauti iko angani. Bukavu iko jirani na ikweta, ziwa Kivu likiwa miguuni pake, na hewa yake ina unyevu. Lubumbashi iko zaidi ya nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Mvua huaga Aprili, na tangu Mei hadi Septemba anga hukaa tupu, siku baada ya siku, buluu hadi linachosha macho. Tarehe 21 Juni jua la adhuhuri hufika nyuzi 55 tu juu ya upeo wa macho, tena upande wa kaskazini, na usiku unaoufuata mchana huo hudumu saa 12 na nusu hivi.

Usiku huo ndio wenye kazi. Kila kitu chenye joto, iwe jiwe, jani au paji la uso wako, hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mita moja ya mraba ya ardhi yenye nyuzi 10 hurusha juu nishati ya wati 360 hivi. Mvuke wa maji na mawingu hunasa sehemu kubwa ya mionzi hiyo na kuirudisha chini. Mawingu ndiyo blanketi la ardhi. Anga kavu la Julai hurudisha takriban robo tatu tu. Zinazobaki, wati 90 hivi kwa kila mita ya mraba, huenda zake nje ya dunia na hazirudi, saa baada ya saa hadi jua lichomoze. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba baridi hii yote imekuja kutoka mahali fulani. Kwa siku nyingi za kipupwe hakuna kilichokuja: joto limeondoka.

Kuna siku chache ambazo baridi huja kweli. Dhoruba za majira ya baridi zikiisha kupita Afrika Kusini, hewa nzito iliyotoka kwenye bahari za kusini husukumwa kaskazini, ikakatiza Zimbabwe na Zambia hadi kufika Katanga. Siku hizo upepo huuma hata saa sita mchana, na wanafunzi huketi darasani na kofia za sufu. Hazidumu. Baada ya siku mbili tatu anga husafishika, na baridi ya usiku mtupu hurudi kwenye zamu yake.

Twende sasa chumbani. Mabweni ya kampasi na vyumba vya kupanga vya jirani havina vipasha joto. Nyumba nyingi za hapa ni za matofali ya kuchoma, na udongo wake mara nyingi umechimbwa kwenye vichuguu vikubwa vya mchwa, ambavyo katika Katanga hupita kimo cha nyumba. Ukuta wa tofali hula joto la jua polepole na kulitoa polepole, hivyo hadi usiku wa manane bado unasaidia. Shida ni paa la bati. Bati ni jembamba na halihifadhi chochote, na kwa kuwa linatazamana na anga moja kwa moja, hupoa hadi kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80. Wakilala wanne katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya wawili, jambo la kawaida kabisa, wanatengeneza karibu wati 300. Wanatoa pia mvuke kwa kila pumzi. Mahali pasipo na dari mvuke huo hugusa bati na kugeuka maji. Asubuhi utayaona: matone yamejipanga upande wa chini wa bati, yakifuata mikunjo yake hadi kwenye msumari, na huko yanadondoka moja moja juu ya daftari la mtu.

Msomaji aliyeko Oslo ataniambia kwamba nyuzi 7 kwake ni siku ya kutembea na koti jepesi. Ni kweli, lakini yeye huzipata njiani tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, lilipendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 katika nchi zenye majira ya baridi. Mkazi wa Oslo hulipata hilo akifunga mlango. Mwanafunzi wa Kasapa akifunga mlango anabaki na baridi ileile, pungufu kidogo.

Jua huchomoza kama saa 12 na nusu, na wakati huo ndipo baridi inapofika chini kabisa. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo imeteremka usiku kucha na kutuama mabondeni, kando ya mto Lubumbashi na kwenye madembo, yale mabonde mapana ya nyasi yanayojaa maji wakati wa masika. Kipimajoto rasmi huwekwa ndani ya kibanda cheupe, karibu mita 2 kutoka ardhini. Nyasi zenyewe huwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, mabonde ya aina hiyo hupata jalidi inayounguza mboga.

Kwa kuwa hewa baridi iko chini na yenye joto kidogo iko juu yake, hakuna kinachopanda. Moshi wa makala (makaa), wa takataka na wa nyasi zinazochomwa pembezoni mwa jiji hulala kimo cha mapaa, na anayetembea kwenda kipindi cha kwanza huuvuta wote. Kwenye lango la chuo anayekaanga mikate hupepea mbabula, jiko la makala, kwa kipande cha boksi, na moshi wake huenda ubavuni badala ya kwenda juu. Hewa kutuama namna hii ni miongoni mwa mambo yaliyofanya viwanda vijenge mabomba marefu ya moshi: lile la kiwanda cha zamani cha shaba, alama ya jiji tangu enzi za kampuni ya Union Minière, lina mita 153.

Kwenye saa nne asubuhi tabaka hilo la hewa baridi huvunjika. Ardhi imepata moto, hewa inapanda, na upepo wa kusini-mashariki uliokuwa ukipita juu unashuka hadi usoni mwa watu. Ndipo vumbi jekundu linapoanza. Hilo linanitia wasiwasi zaidi kuliko baridi yenyewe. Upepo huohuo, kwa miongo mingi, ulibeba moshi wa kiwanda kuelekea kaskazini-magharibi, na udongo wa upande huo umekutwa na shaba na metali nyingine kwa wingi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi mno katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Vumbi ni mojawapo ya njia ambazo kobalti hiyo huingia mwilini. Kitambaa puani mwezi wa Julai si mbwembwe.

Hewa ya Julai pia ni kavu ajabu. Hewa ya alfajiri yenye nyuzi 7, hata ikiwa imeshiba mvuke, hubeba gramu 8 tu za maji kwa kila mita ya ujazo. Ipashe hadi nyuzi 25 bila kuiongezea maji na unyevu wake unabaki kama theluthi moja. Inachokosa inakichukua midomoni, puani na visiginoni mwako. Mafuta ya kujipaka basi yana kazi, na maji ya kunywa pia, ingawa kiu haisikiki.

Mchana wenyewe ni mzuri, na mwerevu huutumia. Jua likiwa kaskazini, ukuta wa kaskazini wa jengo lolote hupata joto na ule wa kusini hushinda kivulini. Anayetaka kusoma bila kujikunyata achague benchi la kaskazini, au ukumbi wenye madirisha ya upande huo, na akirudi chumbani afunge dirisha kabla jua halijazama, ukuta ukiwa bado na akiba.

Usiku ndipo kosa baya hutokea. Umeme umekatika, kuna baridi, na makala ya mbabula yameshika vizuri, mekundu, bila moshi. Mtu huiingiza chumbani akidhani hatari ni moshi. Makala yasiyotoa moshi bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, miguu hulegea, usingizi huja. Aliyelala haamki kujua. Hata ukimtoa nje, huchukua saa 4 hadi 6 kwa nusu tu ya gesi hiyo kutoka katika damu, kwa hiyo apelekwe hospitali, asiachwe apumzike. Pikeni chai nje, muiache mbabula nje hata kama makala yanaonekana yamekufa, na mkimkuta jirani ameiingiza ndani, mgongeeni mlango usiku huohuo.