Lulu hakuwahi kuzaa

Januari 2016, kwenye ufuko wa kisiwa cha Tiree, Scotland, alikutwa nyangumi muuaji jike amekufa. Watafiti walikuwa wanamfahamu kwa miaka mingi, wakimwita Lulu. Chanzo cha kifo hakikuwa fumbo: alinaswa kwenye kamba.

Kisa kingeishia hapo, ila walipima shahamu yake, lile tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Wakakuta miligramu 957 za PCB kwa kila kilo ya mafuta. Kiwango ambacho watafiti hukichukulia kuwa mwanzo wa madhara kwa wanyama wa jamii yake ni miligramu 9. Soma tena hizo namba mbili.

PCB ni kemikali za viwandani zilizoanza kuuzwa mwaka 1929. Hazishiki moto kirahisi, hazipitishi umeme, haziozi. Ndo maana zilijazwa kwenye transfoma, zikachanganywa hadi kwenye rangi. Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979, na Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukazibana dunia nzima. Lakini sifa ya kutooza haifutwi na sheria.

Zikifika baharini, zinakimbia maji na kukimbilia mafuta. Viumbe wadogo wasioonekana kwa macho huzibeba kidogo, samaki mdogo anakula maelfu yao, samaki mkubwa anakula wadogo, sili anakula wakubwa, nyangumi muuaji anamla sili. Mwili hauwezi kuzitoa kwa mkojo, kwa hiyo kila mlaji anarithi madeni ya wote aliowala. Lulu alikuwa juu kabisa ya ngazi hiyo, na alikuwa na angalau miaka 20.

Sasa hapa pananiumiza kichwa kila nikipafikiria. Jike ana mlango mmoja mkubwa wa kutua mzigo huo: maziwa. Maziwa ya nyangumi yamejaa mafuta, na mama anaponyonyesha, shahamu yake inayeyuka na PCB zinatoka nayo kwenda kwa mtoto. Kifungua mimba ndiye anayepokea sehemu kubwa. Wadogo zake wanapata nafuu. Dume hana mlango huo, analimbikiza tu mpaka afe. Kwa hiyo ukikuta jike mzee ana mzigo mzito hivyo, swali la kwanza ni: watoto wake wako wapi?

Ovari za Lulu zilijibu. Hazikuonyesha dalili yoyote ya kuwahi kufanya kazi. PCB zinajulikana kwa kuvuruga homoni za uzazi na kudhoofisha kinga ya mwili, ingawa kwa mnyama mmoja huwezi kuapa kwamba zenyewe ndizo zilizomfanya tasa.

(Usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Transfoma za zamani zenye PCB zilifika huku pia, na Kenya kumeripotiwa wizi wa mafuta ya transfoma yanayoishia kwenye karai za chipsi. Si kila transfoma ina PCB, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha.)

Kundi la Lulu lilibaki na nyangumi wanane hivi alipokufa. Tangu lianze kufuatiliwa miaka ya 1990, hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuonekana. Miaka ya karibuni wanaoonekana ni wawili, John Coe na Aquarius. Wote madume.