Zeze na Marimba: Uyafuate Mjini au Uyaite Gongo la Mboto?

Mkazi wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, anayetaka kusikiliza zeze, marimba na filimbi vikipigwa mbele yake ana njia tatu. Kiingilio pekee hakitoshi kuzilinganisha; nauli na saa ya kurudi nyumbani vina uzito mkubwa zaidi.

Kwenda mjini

Nafasi Art Space iliyoko Mikocheni na Kijiji cha Makumbusho cha Kijitonyama huwa na maonyesho ya muziki na ngoma za asili. Jukwaa lipo tayari, nawe huna la kuandaa. Piga hesabu ya njia, hata hivyo. Mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, ilipopandisha nauli mwishoni mwa 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilifika sh 600. Hata kwa kiwango hicho cha chini, watu wanne wakipanda gari mbili kwenda na mbili kurudi wanamaliza sh 9,600, na toka Gongo la Mboto mwendo ni mrefu zaidi. Chagua onyesho la mchana, maana bajaji ya usiku inaweza kula fedha nyingi kuliko kiingilio.

Kwenda Bagamoyo

TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, ndiko alikofundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeufikisha muziki wa kwao kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003. Ukoo wake unaendelea: The Zawose Queens walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024. Wakati wa tamasha la sanaa la Bagamoyo unasikia vikundi vingi kwa safari moja. Lakini Bagamoyo ni kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo tenga na fedha za malazi.

Kukialika kikundi mtaani

Wengi huiogopa njia hii wakidhani ni ya wenye nazo. Muziki wa spika unadai kukodi vyombo, fundi mitambo, na jenereta ya kujihami umeme ukikatika. Zeze, marimba na ngoma za Kigogo ziitwazo muheme havidai hata kimoja. Mnabaki na malipo ya wasanii, usafiri wao, chakula na mahali. Kaya 50 zikichanga sh 5,000 kila moja, mna sh 250,000 za kuanzia mazungumzo. Mtaa unaochangia harusi na misiba haushindwi kuunda kamati.

Msitafute ukumbi mkubwa: sauti ya zeze ni ndogo, wa nyuma hataipata. Bwalo la shule linatosha, watoto wakae mkekani mbele. Kabla ya kutoa malipo ya awali, ulizeni wasanii ni wangapi, watapiga kwa muda gani, nauli ni juu ya nani, na mvua ikinyesha itakuwaje. Andikianeni, na mpitie ofisi ya serikali ya mtaa kupata kibali. Gharama mkizipunguza, punguzeni kwenye viti na mapambo, msiguse fungu la wasanii.

Ipi inafaa?

Mtu mmoja au wawili, nendeni mjini mchana. Mwenye fedha za safari moja kwa mwaka, aende Bagamoyo. Familia zenye watoto, ungeni michango: fedha ambazo zingeishia kwenye nauli zitamfikia mpiga zeze, na watoto wa mtaa mzima watamsikia.