Kabila na Ubwoko: Suala la Msamiati katika Mijadala ya Vijana Jijini Bujumbura

Vijana wa Kenya na Burundi wanapojadili ubaguzi kwa Kiswahili jijini Bujumbura, neno la kwanza kuwatatiza ni kabila. Kwa Mkenya, Mluo na Mkikuyu hutofautishwa kwanza na lugha. Wahutu, Watutsi na Watwa huzungumza Kirundi kilekile na huishi katika vilima vilevile. Neno lao, ubwoko, hutaja pia aina ya kitu chochote. Mgeni akiuliza, “Kabila lako ni lipi?” hudhani anauliza asili tu. Mwenyeji husikia swali ambalo jibu lake liligharimu maisha mwaka 1972 na 1993.

Studio Ijambo, iliyoanzishwa jijini humo mwaka 1995, iliwatuma Mhutu na Mtutsi pamoja kufuatilia habari moja, utaratibu unaowalazimu wawili hao kupatana kuhusu maneno. Miongozo ya mijadala ya vijana wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, haina budi kuanzia hapo. Kiswahili chenyewe, kinachosifiwa kuwa hakina upande, hakijasalimika: kwa baadhi ya Warundi, “Mswahili” ni mjanja asiyeaminika, na wakazi wa Buyenzi wanalijua hilo vyema.