Mtoto si kuruta

Askari apatapo amri ya uhamisho kutoka Jinja kwenda Mbale, jambo la kwanza kwa mwenye watoto ni shule. Lakini yule ambaye mwanawe amependa jimnastiki, yaani mchezo wa kupinduka, kusimama kwa mikono na kutembea juu ya boriti, ana jambo la pili la kutafuta: mahali pema pa mazoezi.

Hapo ndipo sisi wenye sare huweza kupotoka. Tumelelewa katika uwanja wa gwaride. Tukimwona mwalimu anayefoka mbele ya watoto walionyamaza, twasema, "Hapa pana nidhamu." Hilo ni kosa. Kuruta ni mtu mzima aliyekula kiapo kwa hiari yake. Mtoto wa miaka saba hakuapa. Ncha za mifupa yake bado zinakua, na zikijeruhiwa mfupa huweza kukua vibaya. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje, hawakusema mvunje.

Basi mzazi na aende kutazama kabla ya kulipa, iwe ni ukumbi au uwanja wa nyasi. Je, pana magodoro manene mahali pa kuangukia, au ni saruji iliyotandikwa mkeka? Watoto hupasha mwili moto kwanza? Ni wachache kiasi cha mwalimu kuwaona wote? Mtoto ajifunzapo jambo jipya, mwalimu humtegemeza kwa mkono? Akianguka, nani ajuaye huduma ya kwanza? Ukiona mtoto analia huku akikandamizwa ili miguu itanuke, ondoka na mwanao.

Tena, mlango uwe wazi kwa mzazi. Nchini Marekani, Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, alihukumiwa Januari 2018 kifungo cha miaka 40 hadi 175 kwa kuwadhulumu kingono wasichana aliopaswa kuwatibu. Baadhi yao walikuwa wamesema miaka mingi kabla, wakubwa hawakuwasikiliza.

Wala pasiwe na haraka. Nadia Comăneci wa Romania alishinda Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14, lakini tangu 1997 msichana hawezi kushindana katika Olimpiki kabla ya mwaka anaotimiza 16. Na polisi mwenzetu John Akii-Bua alipoiletea Uganda dhahabu ya kwanza ya Olimpiki huko Munich mwaka 1972, katika mbio za mita 400 kuruka viunzi, alikuwa na miaka 22.

Uhamisho ukija tena, maswali haya yasafiri pamoja na mizigo. Na jioni mtoto akisema, "Sitaki kurudi kule," tusimjibu kwa sauti ya gwaride. Tumketishe karibu, tumuulize sababu, kisha tunyamaze tumsikilize.