Anemoni wa Bahari Mita 1,600 Juu ya Bahari

Mtu wa Shauri Moyo, hapa Nairobi, anayetaka kufuga anemoni wa bahari nyumbani huulizia kwanza taa na samaki. Mimi humwomba aanze na hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi, maji ya hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya joto lilelile kule Mombasa. Maji ya chumvi nayo hushika kidogo kuliko maji matamu. Kwa hiyo pampu inayovuruga uso wa maji ndiyo pumzi ya tangi zima, na stima ikipotea usiku, viumbe waliomo huanza kukosa hewa mapema kuliko wenzao wa pwani. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujamnunua mnyama.

Ndiyo, ni mnyama, ingawa anafanana na ua. Ni wa ukoo mmoja na matumbawe na konyeza. Minyiri yake ina vishale vya sumu vya kunasia mawindo, lakini aina za bahari yetu ya joto hupata sehemu kubwa ya chakula kutoka kwa mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya nyama yao na kutengeneza sukari kwa mwanga. Joto likizidi, mwani huo hutoka na mnyama hubaki mweupe, kama ilivyoyapata matumbawe ya pwani ya Kenya mwaka 1998. Ukimwona dukani anemoni mweupe pepepe, usidhani ni urembo. Ana njaa.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi hushindwa. Ya mfereji yana klorini. Wakati wa mgao, mikokoteni mara nyingi huleta maji ya visima virefu, ambayo Nairobi huwa na floridi nyingi. Shaba kidogo tu kutoka kwenye mabomba inatosha kumuua anemoni. Tumia maji yaliyochujwa kwa mashine, kama yale ya vibanda vya kujazia mitungi, ila muulize mwenye kibanda kama huyaongezea madini. Kila lita huhitaji gramu 35 za chumvi, yaani tangi la lita 200 hula kilo 7, na chumvi ya jikoni haifai. Kule Gongoni na Marereni, maji ya bahari yanapokaushwa na jua, chumvi tunayokula huganda mapema, na magnesi na potasi nyingi hubaki kwenye maji machungu ya mwisho. Anemoni anavihitaji hivyo vilivyobaki, kwa hiyo nunua chumvi iliyochanganywa kwa ajili ya matangi ya bahari. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haiondoki. Ongeza maji matamu peke yake. Na usiku wa Julai, Nairobi inaposhuka chini ya nyuzi 15, hita lazima iyashikilie maji kwenye nyuzi 25 hadi 27.

Uchafu wa tangi hutoa amonia, ambayo bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga, lakini mimi simwingizi anemoni kabla ya tangi kutimiza miezi sita. Subira hiyo hulipa, maana anemoni anayetunzwa vizuri huishi miaka mingi. Mwaka 1828 mtaalamu wa viumbe, Sir John Dalyell, alimtoa anemoni kwenye pwani ya Uskoti akamweka ndani ya chombo cha kioo huko Edinburgh. Mnyama huyo aliishi hadi 1887, miaka 36 baada ya Dalyell kufariki. Alikuwa wa bahari ya baridi, asiyetegemea mwani, lakini kilichomlinda ni watu waliombadilishia maji ya bahari bila kuchoka.

Wengi humtaka kwa sababu ya samaki wa filamu ya Finding Nemo. Katika tangi, samaki hao huishi vizuri bila anemoni. Baharini ndiko wanakomhitaji, awafiche na maadui. Ukimng'oa anemoni mmoja kwenye miamba ya Shimoni au Kikambala, unamwacha Amphiprion allardi, jamaa ya samaki hao katika pwani yetu, bila nyumba, na hilo linaniuma. Tafuta anemoni wa aina ya Entacmaea quadricolor, ambaye hujigawa sehemu mbili, kutoka kwa mfugaji mwingine ambaye wake amekwisha kugawanyika.

Akifika, funika mdomo wa pampu kwa sponji, maana atatembea hadi apate mahali pa kumfaa. Akinaswa na kukatikakatika, uozo wake unaweza kuua samaki wote usiku mmoja. Mpe kipande cha kamba mbichi, saizi ya ukucha, mara mbili kwa wiki. Akishashika mwamba, usimbandue hata kama amejificha nyuma: wayo ukichanika, kidonda hicho hakiponi kwa urahisi.